Hewa Iliyofichwa Ndani ya Shaba

Wenyeji wa Katanga waliyeyusha shaba na kuimimina iwe misalaba ya kufanyia biashara karne nyingi kabla ya tanuru kubwa ya Lubumbashi kuanza kazi mwaka 1911. Tangu zamani hizo hata leo, mfua shaba aweza kupatwa na hasara moja: chombo alichokimimina kwa taabu chatoka kimejaa vitundu, au chavunjika kwa pigo la nyundo. Wengine husema amerogwa. Twapenda kueleza sababu yake, nayo si uchawi, bali ni hewa.

Katika hewa tunayovuta mna sehemu iitwayo oksijeni, ndiyo iwakishayo moto na kutia chuma kutu. Shaba nyekundu ikiyeyuka, kwa moto wa digrii 1,085 za Sentigredi, huinywa oksijeni kama maji yapokeavyo chumvi: haionekani kwa macho, walakini imo. Shaba inapoganda haiwezi kuichukua tena. Ndipo oksijeni hushikana na shaba na kufanya kitu mfano wa kutu, kikaacho katikati ya chembe za shaba. Kikiwa kingi, chembe hazishikani vema, na shaba huvunjika.

Je, yafaa kuiondoa oksijeni yote? La, maana yuko adui wa pili, haidrojeni, atokaye katika unyevu wa makaa na wa kalibu. Oksijeni ikipungua mno, haidrojeni hupata nafasi ya kuingia. Shaba ikiganda, haidrojeni hutoka, au hukutana na oksijeni iliyosalia zikawa mvuke wa maji, nao ndio uachao vitundu. Hizi mbili ni kama vitanga vya mizani: kimoja kikipanda, cha pili hushuka.

Kwa hiyo mafundi wa viwandani walizoea kutumbukiza gogo bichi katika shaba iliyoyeyuka. Gogo likiungua, hewa zitokazo ndani yake huichukua oksijeni. Kisha waliteka shaba kidogo na kuitazama ikiganda. Uso ukibonyea, oksijeni ingali nyingi. Ukivimba, gogo limekaa mno na haidrojeni imeingia. Ukiwa sawasawa, ndio wakati wa kumimina. Shaba ya namna hiyo hubakiwa na oksijeni kiasi cha sehemu 2 hata 4 tu katika 10,000.

Achanganyaye shaba na bati hana budi kuangalia zaidi. Bati huitaka oksijeni kuliko shaba. Likiikuta, huishika na kuwa ngozi ngumu inayonaswa ndani ya chombo. Dawa yake ni kutia kwanza fosforasi kidogo iliyochanganywa na shaba, ndipo bati lifuate. Fosforasi huikamata oksijeni na kuelea juu kama taka, nayo huondolewa.

Kazi ya gogo isijaribiwe kijijini, kwani unyevu ukikutana na shaba ya moto, shaba huruka na kuunguza watu. Yampasayo mhunzi ni haya: afunike shaba kwa makaa makavu, akaushe kalibu na vyombo vyake vyote, wala asiiache shaba motoni kupita haja.

Nanyi wazee na walimu, mkimwona mhunzi wenu amepata hasara, msimtafute mchawi. Ulizeni kwanza kama makaa yake yalikuwa makavu.