Upatanisho wa Kisarufi Katika Uagizaji wa Bia Kariakoo

Makala haya yanachunguza tungo fupi za kuagizia vinywaji katika baa za Kariakoo, Dar es Salaam. Mteja humwambia mhudumu: "Dada, naomba Kilimanjaro mbili, moja ya moto, moja baridi." Kwanza, "ya moto" haimaanishi iliyochemshwa, bali isiyotiwa katika jokofu, maana hiyo hutokana na ukinzani wake na "baridi". Pili, jina la kibiashara limeshika nafasi ya nomino kuu. Ijapokuwa linaanza na "ki-", hatusikii "viwili". Je, "mbili" inapatana na nini? "Chupa" na "bia" yote ni maneno ya ngeli ya 9/10, hivyo mfano huu pekee hautoi jibu. Tutazame "Kilimanjaro mbili za kopo": lau kinachohesabiwa kingekuwa kopo (ngeli ya 5/6), tungetarajia "mawili". Yaelekea, basi, upatanisho unafuata nomino "bia" iliyodondoshwa, wala si umbo la jina au chombo. Tatu, "naomba" ni adabu, si unyonge. Mwanafunzi mgeni aliyefundishwa "moto" wa jikoni tu hataelewa swali la kwanza atakaloulizwa mezani: "Ya moto au baridi?" Kamusi zetu hazina budi kuidahilisha maana hiyo.