Mfuko wa Mwanafunzi wa Kutwa

Ukisoma shule ya kutwa mfuko wako ndio kabati lako. Wenzetu wa bweni wana sanduku la kufungia vitu, lakini sisi kila asubuhi twabeba nyumba nzima: vitabu, kamusi, sweta, mkebe wa isyo na chupa ya maji. Nilipima mzigo wangu kwa mizani ya dukani nikapata kilo 7. Maji peke yake, lita moja, ni kilo moja. Katika makala haya nataka tuzungumze juu ya kuchagua mfuko, kwa sababu mimi nilichagua vibaya na hasara yake naijua.

Mwaka jana mama aliuza ndengu akanipa shilingi 900 ninunue begi siku ya soko. Nikaona moja nyeusi, ina picha ya mchezaji mpira na zipu tatu. Basi, nikalipa. Sikuitazama ndani hata kidogo. Wiki ya tano, tukivuka mto wa mchanga baada ya mvua ya kwanza ya Oktoba, mkanda ulichomoka na begi ikaanguka majini. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu tu, lakini yalitosha. Noti zangu za Biolojia za mwaka mzima ziligeuka uji, na mtihani ulikuwa wiki iliyofuata. Mama hakunigombeza. Alianika madaftari juani moja moja, akiyawekea mawe yasipeperuke, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baadaye niliikagua ile begi. Mkanda ulikuwa umeshikizwa juu ya kitambaa chembamba kwa mstari mmoja wa uzi. Mkanda wa kutegemewa huingia ndani ya mshono, na hapo pameshonwa mara nyingi, kwenda na kurudi. Kwa hivyo ukifika sokoni, igeuze begi nje ndani, uangalie mishono, uvute mkanda kwa nguvu, ufungue na kufunga zipu mara kumi hata kama mwenye kibanda atanuna. Picha itazame mwisho.

Susu, yaani nyanya yangu, aliposikia habari hii aliniuliza, "Mwanangu, ulinunua mfuko ama ulinunua picha?" Kisha akatungua kiondo chake ukutani akaniambia nitafute mshono. Nilitafuta nikashindwa. Kiondo huanzwa katikati ya kitako, nyuzi zikizungushwa na kupanda mpaka mdomoni. Hakuna vipande vilivyounganishwa, basi hakuna mahali pa kufumuka. Uzi wake ni wa mkonge, husokotwa juu ya paja. Na mkonge wenyewe ni mgeni! Uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kina mama wa Ukambani walikuwa wakitumia nyuzi za magome ya mbuyu na za vichaka vya porini. Siku hizi kuna shamba kubwa la mkonge la Dwa huko Kibwezi.

Tukiwa wanachama wa Kiswahili tusiite kila kitu begi. Kikapu cha Pwani husukwa kwa ukindu, shanta ni ule mfuko wa mgongoni, na kiondo ni kile ambacho kwa Kikamba twaita kyondo, wingi syondo.

Sitawadanganya kwamba kiondo hakina ila. Mdomo uko wazi na mvua huingia. Tena hulemea bega moja, ukifika shuleni umepinda kama upinde. Wanawake wa kwetu walilitatua jambo hilo zamani kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kichwani ili mzigo ulale mgongoni. Mimi nilimwomba susu anifumie kiondo kirefu, akatia mikanda miwili ya ngozi ya kuvaa mabegani. Ndani nimeshona gunia la sukari, na mdomoni kitambaa cha kufunga kwa kamba. Vitabu vizito hukaa upande wa mgongo. Zile karatasi za nailoni za dukani, ambazo watu walikuwa wakifungia vitabu, zilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake ni kuanzia shilingi milioni 2 hadi 4. Begi kumi za picha hazifiki hapo.

Siku ya kwanza darasani niliitwa Mama Ndengu. Ati kiondo ni cha kina mama! Niliona haya mpaka wakati wa chakula nikabaki ndani. Lakini mvua ya Novemba ilitunyeshea sote njiani, na madaftari yangu yalifika makavu. Sasa mmoja wa wale walionicheka ameniuliza bei. Susu amejibu kwamba kimoja humchukua wiki tatu na hataki kuharakishwa, na kwamba aliyecheka kwanza atalipa zaidi.