Funguo mbili kwa akaunti moja

Tapeli wa siku hizi hasumbuki kubahatisha nywila yako. Anakutumia kiungo, unafungua, unamwandikia mwenyewe. Ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS nayo ukurasa wake wa bandia unaiomba, na papo hapo anaiingiza kwenye ukurasa halisi. Akishindwa hapo, anaenda kurudishiwa laini yako akijifanya ni wewe, na SMS zako zote zinaanza kuingia kwenye simu yake. Ufunguo wa usalama, kidude chenye umbo la flashi ndogo, unaziba njia zote mbili, mradi uuweke sawasawa.

1. Anza na barua pepe. Ukibofya "nimesahau nywila" kwenye Facebook au Instagram, kiungo cha kubadilisha kinatumwa huko, kwa hiyo aliyeshika barua pepe yako ameshika na hayo mengine. Kama wewe ni mwandishi wa habari, mwanaharakati au mgombea, Google ina mpango maalumu wa ulinzi wa hali ya juu kwa watu wa aina yako, ulioanza 2017. Hauna malipo. Jiunge.

2. Elewa kwa nini ufunguo haudanganyiki. Unapousajili, ufunguo unatengeneza namba mbili zinazoendana: moja inapewa tovuti, nyingine ni siri inayobaki ndani ya ufunguo na haitoki. Namba hizo zimefungwa na jina la tovuti hiyo tu. Ukurasa wa bandia unaweza kuwa na nembo ileile na rangi zilezile, huku jina lake limepishana herufi moja. Jicho lako litapitwa, ufunguo hautapitwa: hauna cha kujibu. Mwaka 2022 wafanyakazi wa kampuni ya Cloudflare walitumiwa SMS za namna hii, na baadhi yao wakaandika nywila zao. Wavamizi hawakuingia, kwa sababu kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo wake. Nywila imeibwa, mlango haujafunguka. Hilo peke yake linatosha kunishawishi.

3. Nunua mbili, tena siku moja. Najua ni fedha. Mmoja wa kawaida ni kama dola 30 za Marekani kabla ya usafiri na ushuru. Lakini mwenye ufunguo mmoja anabaki na hofu ya kuupoteza, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya aache SMS iendelee kufanya kazi. Mmoja uwe kwenye mkufu wa funguo zako, wa pili ubaki nyumbani pamoja na vyeti.

4. Angalia tundu la simu yako. Simu nyingi mpya zinatumia Type-C. iPhone nazo, kuanzia toleo la 15. Chagua ufunguo wenye NFC pia, ili uweze kuugusisha tu mgongoni mwa simu. Nunua kwa mtengenezaji au wakala wake, na usipokee uliokwisha kutumika.

5. Sajili kwa utulivu. Ingia kwenye akaunti ya Google, fungua sehemu ya usalama, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Kivinjari kitakuambia uchomeke ufunguo. Taa yake itaanza kuwakawaka. Gusa kile kiduara cha rangi ya dhahabu. Wengi hudhani kinasoma alama za vidole. Kwenye funguo za kawaida hakisomi. Kinathibitisha tu kwamba kuna mtu pale. Ukiulizwa PIN, weka ambayo hutaisahau: ukikosea mara 8, ufunguo unajifunga na itabidi uufute wote uanze upya. Kisha sajili na ule wa pili hapo hapo, usiseme kesho.

6. Ondoa SMS. Hapa ndipo watu wanapokwama. Ukiacha namba ya simu iendelee kuwa hatua ya pili, tapeli atabofya "jaribu njia nyingine" na kuupita ufunguo wako kana kwamba haupo. Ukishajaribu funguo zote mbili zikakubali, iondoe. Na M-Pesa haimo katika ulinzi huu: huko PIN yako bado ni ya kutomtajia mtu yeyote, hata anayejiita huduma kwa wateja.

7. Chapisha namba za akiba. Google inakupa 10, kila moja inatumika mara moja tu. Ziwe kwenye karatasi, si picha kwenye simu.

8. Ufunguo ukipotea, chukua hatua siku hiyohiyo. Aliyeuokota haoni jina lako juu yake, na bado hana nywila yako. Ingia kwa ufunguo wa pili, futa uliopotea kwenye orodha, na agiza mwingine. Ukiwa umezipa majina wakati wa kusajili, "wa mfukoni" na "wa nyumbani", hutababaika ni upi wa kufuta.