Jinsi Cheo Kinavyokabidhiwa kwa Maandishi

Mtu hufa au huhamishwa, lakini cheo chake hubaki. Jambo hili huonekana wazi katika Kanisa Katoliki, ambalo tangu zamani huandika kila badiliko la madaraka.

Tutazame mfano wa hapa Kenya. Nairobi zamani ilikuwa chini ya utawala wa Kanisa uliokuwa na jina la Zanzibar. Mwaka 1953 Nairobi ilifanywa Jimbo Kuu, na John Joseph McCarthy akawa Askofu Mkuu wa kwanza. Mwaka 1955 Mombasa ikawa jimbo. Mwaka 1969 Maurice Otunga, Askofu wa Kisii tangu 1960, aliwekwa kuwa msaidizi wa McCarthy mwenye haki ya kumrithi. Naye akashika kiti mwaka 1971. Mabadiliko hayo yalifanywa kwa amri ya Papa iliyoandikwa, ndiyo maana tarehe zake zajulikana hata leo.

Kwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, askofu mpya huionyesha barua ya Papa mbele ya washauri wa jimbo, na katibu mkuu wa jimbo huliandika tendo hilo. Kabla ya hapo haruhusiwi kujiingiza katika kazi ya cheo alichopewa. Kiti kikiwa wazi, washauri humchagua msimamizi katika muda wa siku 8, ila kama Papa amekwisha kupanga vingine. Msimamizi huyo amekatazwa kuondoa, kuharibu au kubadili hati yo yote ya ofisi ya jimbo.

Kwa nini ulinzi mkali namna hii? Kwa sababu hati si mali ya mwenye cheo. Fikiri habari ya daftari ya ubatizo katika parokia. Mkristo akifunga ndoa mahali pengine, habari hupelekwa kuandikwa katika daftari ya pale alipobatizwa. Mapadre wengi wanaweza kupita katika parokia ile. Lakini daftari ikipotea, mtu aweza kutaabika sana kuthibitisha ubatizo wake, au kwamba hana ndoa nyingine.

Somo hili latufaa sote. Mweka hazina wa chama cha ushirika, au katibu wa kamati ya shule, akiondoka na vitabu nyumbani kwake, huacha nyuma ugomvi na shaka. Basi siku ya kukabidhi kazi, vitabu vihesabiwe mbele ya mashahidi, na wote wawili watie sahihi. Mali bila daftari haina mlinzi.