NENO "ZERO" LIMETOKA WAPI?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, katika toleo la mwaka huu tumechagua kulisoma neno moja la Kiingereza ambalo hata mtoto wa chekechea analijua, nalo ni "zero". Sababu ya kulichagua ni hii. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, kijana wetu mmoja, msomaji mzuri wa Qur'ani, alipata daraja la sifuri. Mtaani wakaanza kumwita "Ziro", na jina hilo likaingia mpaka madrasa. Nasi walimu, Allah atusamehe, tulilisikia tukatabasamu na kupita. Haikuchukua wiki mbili nafasi yake mkekani ikawa wazi. Tulipokwenda kwao kumwulizia, alitoka mlangoni akasema, "Maalim, ziro anatafutwa wa nini?" Siku ile hatukuwa na jibu. Tukaona tulitafute.

1. ASILI YA NENO

Watu wa India ndio waliotangulia kuiwekea sifuri kanuni kama namba. Mwaka 628, mwaka ule ule wa Sulhu ya Hudaybiya, mwanahesabu wao Brahmagupta aliandika jinsi ya kujumlisha, kutoa na kuzidisha kwa sifuri. Kwa lugha yao ya Kisanskriti iliitwa shunya, yaani kitu kitupu. Waislamu walipozipokea hesabu hizo, waliifasiri maana yake kwa Kiarabu wakaiita sifr, nayo ni tupu vile vile. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833), aliandika kitabu cha kufundisha hesabu za Kihindi, na katika karne ya 12 kitabu hicho kikafasiriwa kwa Kilatini.

2. SAFARI YAKE

Neno sifr liliingia Ulaya kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya Leonardo wa Pisa, Mwitaliano. Alijifunza hesabu hizi angali kijana katika mji wa Bugia, bandari iliyoko Algeria ya leo, ambako baba yake aliwahudumia wafanyabiashara wa Pisa. Mwaka 1202 aliandika kitabu chake Liber Abaci, na humo sifr akaiandika kwa Kilatini zephirum. Waitaliano wakalifupisha likawa zero, Wafaransa wakalichukua, na Waingereza wakalipata karibu na mwaka 1600.

Njia ya pili, sifr iliandikwa kwa Kilatini cifra, na kwa Kiingereza ikawa cipher. Basi "zero" na "cipher" ni ndugu wa baba mmoja.

Sisi Waswahili tulilichukua neno hili kutoka Kiarabu bila ya kupitia Ulaya, tukasema sifuri. Kwa hiyo anayesema "ziro" na anayesema "sifuri" wanatamka neno moja, ila la kwanza limezunguka mbali.

Wazungu hawakuzipokea tarakimu hizi kwa haraka. Mwaka 1299 chama cha wabadilishaji fedha wa mji wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuzitumia katika daftari zao. Lakini faida yake ilikuwa kubwa. Kwa namba za Kirumi, ambazo hazina sifuri, mwaka 1888 unahitaji herufi 13: MDCCCLXXXVIII. Kwa tarakimu zetu unatosha kwa alama nne.

3. MAANA ZAKE

(a) Namba isiyo na kiasi, nayo hushika nafasi. Ukiiweka kushoto kwa 5 haibadilishi kitu. Ukiiweka kulia inakuwa 50.

(b) Mahali pa kuanzia kupima. Katika kipimajoto cha Selsiasi, sifuri ndipo maji yanapoganda. Haina maana kwamba hapana joto kabisa.

(c) Maandishi ya siri. Maana hii ni ya "cipher", kwa kuwa siri nyingi za zamani ziliandikwa kwa tarakimu badala ya herufi. Al-Kindi wa Baghdad, katika karne ya 9, alieleza namna ya kuzifumbua kwa kuhesabu ni herufi zipi zinazojirudia zaidi.

(d) Mtu asiyehesabiwa kuwa chochote. Hii ndiyo maana aliyobandikwa kijana wetu.

4. TAHADHARI: SWAD NA SIN

Kiswahili hakitofautishi herufi hizi mbili, lakini Kiarabu kinatofautisha. Sifr kwa swad ni tupu. Sifr kwa sin ni kitabu kikubwa, na wingi wake ni asfaar. Neno hilo limo katika Suratul Jumu'a, aya ya 5, ambapo waliobebeshwa Taurati kisha wasiifuate wamefananishwa na punda aliyebeba vitabu. Basi mtu anaweza kujaa sifr ya sin, yaani vitabu, na moyo wake ukabaki sifr ya swad. Hilo halionekani katika karatasi ya matokeo.

5. MAFUNZO

Imepokewa kutoka kwa Salman al-Farsi (R.A.) katika Sunan za Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba Allah ni Mwenye haya na Mkarimu, na huona haya mja wake anapomwinulia mikono kuirudisha mitupu. Neno lililotumika hapo kwa "mitupu" ni sifran. Ndilo neno letu lile lile! Ikiwa Mola haridhii mikono ya mja wake irudi sifuri, sisi ni nani hata tumwite mwenzetu sifuri mzima mzima? Na katika Suratul Hujuraat, aya ya 11, tumekatazwa kuitana kwa majina mabaya.

Hatusemi kufeli ni jambo dogo. Kijana lazima arudie mtihani au ajifunze kazi, na wazazi wamsaidie. Lakini sifuri ile ni ya karatasi.

Tulirudi kwao mara ya pili, tukamwomba radhi mbele ya mama yake, tukamsomea somo hili. Alituuliza swali moja tu: "Sifran kwa swad, Maalim?" Tukamjibu, kwa swad. Jumamosi iliyofuata alikuwa mkekani.

ZOEZI

1. Taja njia mbili ambazo neno sifr lilipita kuingia Ulaya.
2. Eleza tofauti ya sifr kwa swad na sifr kwa sin.
3. Je, kuna mwenzako uliyempachika jina baya? Swali hili usilijibu kwenye daftari. Nenda kwake.

Wabillahi tawfiq.