GARI LA ZAMANI LIONGEZWE NGUVU BILA KELELE



Somo la leo ni la madereva na mafundi, hasa vijana wanaojifunza ufundi. Magari mengi yanayobeba mizigo, na mara nyingine wagonjwa, huku makambini ni ya zamani, ya petroli na kabureta. Gari likishindwa mlima, ushauri wa kwanza unaosikika ni huu: "Toa sailensa, moshi unalibana." Likitolewa, gari linanguruma kama lori la jeshi na dereva anaamini limepata nguvu. Kilichoongezeka ni mlio tu. Katika injini ndogo ya kawaida, nguvu inayopatikana kwa kutoa sailensa ni kidogo mno. Tena, bomba likikatika chini ya gari, moshi wake huweza kuingia ndani. Moshi huo una hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo huua watu waliofunga vioo.

Hapa kwetu mlio si jambo dogo. Wapo majirani ambao wakisikia mshindo usiku huamka na kushika watoto mkono, tayari kukimbia. Gari linalopiga "pa! pa!" kwenye bomba la moshi halifai kupita katikati ya nyumba za watu hawa. Mshindo huo wenyewe ni dalili ya ugonjwa: petroli haikuungua yote ndani ya injini, ikaenda kuwakia bombani.

Basi tutafute nguvu iliyopotea. Anza na jambo lisilogharimu hata senti. Mwambie mwenzako akanyage mafuta mpaka mwisho, injini ikiwa imezimwa, nawe ondoa kifuniko cha chujio la hewa uangalie ndani ya kabureta. Je, kile kipepeo cha chini kinafunguka chote? Mara nyingi waya umelegea, au zulia limezuia pedali, na gari limetembea miaka likitumia nusu ya nguvu yake. Angalia pia choki. Ikikwama imefungwa, gari hunywa petroli na kutoa moshi mweusi.

Chujio la hewa la karatasi ligongwe taratibu vumbi lidondoke, au lipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Usilifue kwa petroli. Wala usiendeshe bila chujio, maana vumbi letu jekundu hula silinda kama msasa.

Kisha toa plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi maana yake petroli ni nyingi au hewa ni kidogo. Nyeupe sana maana yake injini inapata joto kupita kiasi. Isafishe, pima uwazi wake. Magari mengi ya namna hii hutaka milimita 0.7 hadi 0.8, lakini kitabu cha gari kikiwepo, fuata kitabu. Platini ndani ya distributa huwa karibu milimita 0.4 hadi 0.5, zikiwa zimefunguka kabisa. Sehemu yake inayosugua ikilika, uwazi hupungua, cheche huchelewa, na gari huwa zito bila sababu inayoonekana. Kazi hii ya nusu saa na fila moja hurudisha nguvu kuliko bomba lolote jipya.

Petroli ya chupa ichujwe kwa kitambaa safi. Ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, injini itagonga mlimani. Tafadhali, usiangalie tangi kwa kibatari.

Gari likiwa bado zito, huenda breki zinashika. Liinue kwa jeki, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Jaza upepo matairi yakiwa ya baridi. Tundu la bomba au gasketi iliyoungua izibwe: hapo kelele itapungua, na mshindo wa kuteremka nao mara nyingi hukoma.

Msitegemee miujiza. Nyanda hizi za Kasulu ziko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kila mita 1,000 injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa sababu hewa ni nyepesi. Kupunguza magunia mawili kabla ya mlima ni dawa pia, ingawa wenye magunia hawapendi kuisikia.

Iwapo injini inakimbia lakini gari haliongezi mwendo, klachi imekwisha. Iwapo moshi ni wa bluu na oili inapungua kila wiki, ringi zimelika au vizibo vya valvu vimekufa. Hapo usinunue plagi mpya kwanza. Mwite fundi apime mgandamizo wa kila silinda, ndipo mwenye gari aamue kama litatengenezwa au litaegeshwa.