Uwanja Una Wenyewe

Wanachama wenzangu, tukitaja usalama wa viwanja vya watoto, wengi wetu hukimbilia bembea mbovu na chupa zilizovunjika. Sawa, lakini mimi nauliza kwanza: uwanja wenyewe ni wa nani?

Mnamo Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirudi kutoka likizoni wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Tarehe 19 wakaandamana, ukuta ukaangushwa, nao polisi wakawarushia vitoa machozi. Watoto wadogo, jamani! Baadaye serikali iliamua ardhi irudishiwe shule.

Uwanja ule ulikuwa ukichezewa kila siku, sembuse uliotupwa? Pakiota vichaka na taka zikirundikana, mnyakuzi atasema ati ni ploti tupu. Kwa hivyo kufyeka nyasi na kuokota vigae si usafi tu, ni ushahidi kwamba mahali pana wenyewe. Naona wazazi wakague mawe ya mpaka kila muhula, na hatimiliki ihifadhiwe vyema. Bembea je? Hizo fundi atazikaza nati kwa nusu saa.